Waliokimbilia Leni ya Kulia

Matatu ilikuwa kwenye Thika Road, barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika. Ilikuwa imepita Githurai, inaikaribia Kahawa Sukari, nami nilikuwa nimekaa mbele, kando ya dereva. Jua lilikuwa limeshazama. Msongamano wa Roysambu tulikuwa tumeuacha nyuma na barabara ilikuwa imefunguka. Kwenye leni ya kulia kabisa, ile inayopakana na kizuizi cha katikati, palikuwa na gari dogo jeupe likienda kilomita sitini hivi kwa saa. Mbele yake hapakuwa na gari hata moja. Nyuma yake tulikuwa sisi, na nyuma yetu msururu.

Dere akapiga taa. Akapiga tena, kisha honi. Gari jeupe halikusogea.

Akakata kushoto hadi leni ya kati, akakuta lori. Akakata tena hadi leni ya ukingoni, na pale mbele yetu boda boda ilikuwa inashusha abiria: mwanamke, mtoto mgongoni, mfuko mkononi.

Breki zililia.

Hatukumgusa.

Kabla matatu haijaondoka tena, abiria walikuwa wameshampata mkosaji. "Hawa wa kujikokota kulia ndio wanaotumaliza," alisema mzee mmoja nyuma yangu, na makanga akaunga mkono. Hakuna aliyemuuliza dere alikuwa anakimbilia nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini abiria wa boda ashukie ukingoni mwa barabara kuu. Mwenye gari jeupe alikuwa ameendelea na safari yake, pengine bila kujua kilichotokea.

Wiki zimepita na swali halijaniachia. Kama yule mama angegongwa, nani angekuwa amemuua?

## Kosa lisiloonekana kwenye picha

Kila aliyepitia shule ya udereva nchini Kenya amesimama mbele ya ule ubao wenye barabara zilizochorwa, akisogeza kigari cha kuchezea na kukariri: kaa kushoto, kulia ni kwa kupita, ukishapita rudi kushoto. Hatukosi watu wanaoijua kanuni. Tumewajaza barabarani.

Tunachokosa ni namna ya kuisimamia, na nilipoanza kulifikiria hilo niliona ugumu wake. Mwendo wa kasi hupimwa kwa kifaa kwa sekunde moja. Tairi kipara huonekana kwa macho. Lakini kukaa leni ya kupita ni kosa la muda. Gari lililoko kulia kwa sekunde kumi linapita wenzake, na hiyo ni haki yake. Likikaa kulia dakika kumi huku kushoto kuko wazi, hapo limevunja kanuni. Picha moja haiwezi kuyatofautisha magari hayo mawili. Hata askari aliyesimama mahali pamoja hawezi, kwa sababu gari humpita likiwa leni ileile, na lilikotoka hakulishuhudia.

Kwa hiyo kosa linaendelea mchana kweupe, na kila dereva anajitafutia dawa yake. Dawa ya kawaida ni ile ya dere wetu.

## Walioamua kutunga sheria

Wenzetu wengine hawakuishia kulalamika. Mwaka 2013 Uingereza iliwapa polisi uwezo wa kumtoza faini ya papo hapo ya pauni 100 na alama tatu za makosa kwenye leseni dereva anayeng'ang'ania leni ya kati au ya kulia bila sababu. Huko nako huendesha kushoto kama sisi. Marekani, ambako magari hukaa kulia na hivyo leni ya kupita iko kushoto, jimbo la Georgia lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2014, na Indiana likafuata mwaka 2015. Mwaka 2018 askari mmoja wa Indiana aliweka mtandaoni picha ya gari alilolisimamisha kwa kukaa leni ya kupita huku magari yapatayo 20 yamejipanga nyuma yake. Watu walimshukuru kana kwamba amekamata jambazi sugu.

Nilichokipenda katika sheria za Georgia na Indiana ni kile zinachouliza. Hazimuulizi dereva anaendesha kwa kasi gani. Zinamuuliza: je, ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba nyuma yako kuna anayetaka kupita?

Na hapohapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Maana yake ni kwamba unaweza kuwa kwenye kikomo halisi cha mwendo, hujazidisha hata kidogo, na bado ukawa na hatia kwa sababu mtu wa nyuma anataka kuzidisha. Sheria inakwambia umpishe mvunja sheria. Watetezi wake wana jibu: kumzuia mwenye kasi si kazi yako, wewe si polisi, na ukijaribu kuifanya utamchokoza afanye baya zaidi. Jibu hilo nalikubali kwa akili. Moyo wangu ulichelewa kulikubali, kwa sababu namjua anayekaa nyuma yetu barabarani.

## Nani yuko nyuma yako?

Tangu Sheria za Michuki, zile kanuni za matatu zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu na mabasi yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo visivyoyaruhusu kuvuka kilomita 80 kwa saa. Malori nayo yana kikomo hichohicho cha 80, na gari dogo la binafsi kwenye barabara pana linaruhusiwa hadi 110 pale ambapo hakuna kibao kinachosema vinginevyo. Dereva wa gari dogo akiwa kulia kwa kilomita 80, matatu iliyo nyuma yake haina kisheria mwendo wa ziada wa kumpita. Hata hivyo taa zitapigwa. Honi italia. Bampa itakuja karibu kiasi kwamba kwenye kioo huoni tena namba ya gari, unaona uso wa dereva.

Kuna na wengine. Wapo wakubwa wenye ving'ora, na wapo wasio wakubwa waliojinunulia ving'ora. Wapo vijana wanaorudi usiku na kuigeuza Thika Road uwanja wa mashindano. Ukimpa mtu wa nyuma haki ya kisheria ya kudai leni, hawa ndio watakaokuwa wa kwanza kuidai. Trafiki naye atakuwa amepata kosa jipya lisilohitaji ushahidi wa kifaa, kosa la "nimekuona", na sote tunajua mazungumzo ya aina hiyo huishia wapi kando ya barabara.

Nilipekua pia hoja ya kitaalamu wanayoitegemea watetezi wa sheria hizi. Mwaka 1964 mtafiti Mmarekani David Solomon alichapisha uchunguzi wa ajali kwenye barabara kuu za mashambani, na mchoro wake ulionyesha kwamba anayeenda polepole sana kuliko wenzake hupata ajali kwa wingi, sawa na anayeenda kasi mno. Mchoro huo umetajwa kwa miaka sitini kuthibitisha kwamba kobe ni hatari kama swala. Lakini wakosoaji wamekuwa wakieleza kwamba miongoni mwa wale "wa polepole" walikuwemo wengi waliokuwa wanapunguza mwendo ili wakate kona au waingie barabarani. Ajali zao zilitokana na makutano. Ukiyaondoa, hatari ya kobe inapungua sana.

Nikabaki nayumba. Jioni ile niliona kwa macho yangu gari la polepole likizaa hatari. Sheria iliyotungwa kulizuia niliiona kama zawadi kwa wababe.

## Abu Dhabi walivyojaribu namba

Binamu yangu anaendesha gari la kampuni Abu Dhabi, na nilipomweleza haya alinikumbusha jaribio la huko. Aprili 2023 mamlaka iliweka kikomo cha chini kwenye barabara kuu moja kubwa: katika leni mbili za kushoto, ambazo huko ndizo za kasi, ilikuwa marufuku kwenda chini ya kilomita 120 kwa saa. Kikomo cha juu kilikuwa 140. Kuanzia Mei Mosi mwaka huo aliyekwenda polepole zaidi alitozwa dirhamu 400.

Aprili 2025 wakalifuta agizo hilo.

Mimi naona kilichokosekana. Namba humwadhibu dereva aliye peke yake barabarani saa nane usiku kwa kilomita 115, asiyemzuia yeyote, kisha humwachia anayekwenda 121 huku magari kumi yanamsubiri nyuma. Inapima kitu kilicho rahisi kupimika, na kero yenyewe inabaki palepale. "Tena ndugu yangu," binamu aliongeza, "kila mtu alikuwa anatazama spidi kuliko barabara." Hiyo ndiyo iliyonifanya niache kabisa kufikiria suluhisho la kikomo cha chini.

## Mama wa gari dogo

Kisha nikakumbuka kwamba mtaani kwetu yuko mtu ninayeweza kumuuliza. Ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, ana gari dogo na huenda Ruiru karibu kila wiki. Nimewahi kupanda naye. Akishaingia Thika Road huhamia kulia, akakaa huko hadi anakaribia kutoka. Mwendo wake ni sitini, sabini akiwa na haraka.

"Mama, kwa nini unapenda leni ya kulia?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko kwenye kitabu.

"Mwanangu, wewe huko kushoto umekuona?"

Akaanza kunitajia. Matatu zinazosimama popote abiria anapoinua mkono. Boda zinazokuja kinyume, bila taa. Mkokoteni wa mitungi ya maji. Lori lililoharibika, dereva wake ameweka matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu ya onyo, na matawi yenyewe yako hatua chache tu kutoka kwenye lori. Magari yanayoingia kutoka barabara za pembeni bila kungoja. Watu wanaovuka chini ya daraja la watembea kwa miguu kwa sababu kulipanda daraja ni kuzunguka mbali.

"Kulia kuna ukuta tu," alisema. "Ukuta haunirukii."

Nilimwambia kwamba hata hilo si kweli kabisa, kwamba wapo watu wanaouruka ukuta wenyewe wakivuka. Akasema anajua, na kwamba hao pia huwaombea. Nikamuuliza kuhusu leni ya kati. Akasema katikati hupigiwa honi pande zote mbili. Na mbele zaidi, barabara inapopungua hadi leni mbili, katikati yenyewe haipo.

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka. Nilikuwa nimemchukulia mwenye gari jeupe kuwa mtu wa dharau, mtu asiyejali walio nyuma. Huenda wapo wa hivyo. Lakini mama huyu hana dharau hata chembe. Amekimbia. Leni ya kushoto imemtisha hadi ikamsukuma mahali ambapo hatari inatoka upande mmoja.

## Kushoto kulikogeuzwa mtaa

Thika Road ilipofunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012 tuliisherehekea, na mimi bado naipenda. Safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa safari ya dakika. Lakini barabara ile haikupita nyikani. Ilipita Roysambu, Githurai, Kahawa, Juja, katikati ya watu waliokuwa wakivuka kwenda sokoni, shuleni, kanisani na msikitini tangu ilipokuwa nyembamba. Zile shughuli hazikuhama. Zilibanwa ukingoni.

Ndiyo maana leni ya kushoto inafanya kazi tano: ni steji, ni soko, ni njia ya miguu, ni maegesho ya boda, na mara mojamoja ni leni. Malori yakishachukua ya kati, inabaki moja tu iliyo barabara kweli. Mwenye haraka anaitaka, na mwenye hofu anaitaka pia. Tunawaambia wote wawili kwamba ile ni ya kupita tu, nao wakitazama kushoto hawaoni pa kurudi.

Ningeweza kuishia hapo na kumtoa mama hatiani. Siwezi, kwa sababu ya yule mwanamke wa Kahawa Sukari.

Kila mwaka barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Hawafi leni ya tatu wakishindana. Wengi hufa wakiwa ukingoni, au wakivuka. Gari la polepole likiziba kulia, lile la kasi halitoweki. Linatafuta upenyo, na upenyo uko kushoto, kwa wale wasio na bati la kuwakinga. Usalama anaoupata mama kwa kuukumbatia ukuta unalipiwa na mtu mwingine ambaye hamuoni, kwa kuwa yuko nyuma yake na upande wa pili.

Hilo nilimwambia, kwa heshima zote. Alikaa kimya kidogo, kisha akanijibu kwa hoja ambayo sijaikuta katika sheria yoyote niliyosoma.

"Nikitaka kurudi kushoto niwapishe," alisema, "huwa nakuta tayari kuna matatu inanipita hukohuko kushoto. Sasa nirudi wapi?"

## Kanuni mbili zilizofungwa pamoja

Huwa tunaitaja Ujerumani tukizungumzia nidhamu ya leni, na kawaida tunataja nusu. Ni kweli kwamba kwenye autobahn, ukikaa leni ya kupita na kuwazuia wengine, unatozwa euro 80 na kuwekewa alama moja. Lakini kumpita mtu upande usio wa kupita nako ni marufuku isipokuwa katika hali chache kama foleni, na faini yake ni kubwa zaidi: euro 100 na alama. Kumganda aliye mbele yako, bampa kwa bampa, nako ni kosa lenye faini yake.

Zikiwa pamoja ndipo zinapoleta maana. Aliye mbele anarudi upande wake bila hofu kwa sababu anaamini hakuna atakayekuwa amejipenyeza huko. Aliye nyuma anavumilia kwa sababu anaamini wa mbele atarudi punde. Ondoa kanuni moja, na ya pili inakuwa mtego. Kwetu tumeiondoa ya kupita upande mmoja, si kwa kuifuta, ila kwa kuizoea. Dere akipita kushoto hakuna anayeshtuka, na abiria wanampongeza kwa ujanja. Kisha tunamtaka mama arudi kushoto kwa imani.

Na dere naye anakimbilia nini? Piga hesabu. Kutoka Muthaiga hadi Thika ni kilomita 40 hivi. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 30. Kwa mwendo wa 100, ambao haruhusiwi, ni dakika 24. Abiria anaokoa dakika sita. Lakini dere hahesabu dakika za abiria. Anahesabu raundi, kwa sababu jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili, na kinachobaki ndicho mshahara wa watu wawili. Dakika sita kila safari zikijumlishwa tangu alfajiri zinakuwa raundi nzima. Sisemi hivi kumtetea. Nasema kwa sababu faini yoyote isiyogusa mpango huo wa malipo ataiona kama gharama ya kazi, ailipe, aendelee.

## Kama kitaandikwa kifungu

Wapo wanaotaka sheria kali dhidi ya wanaojikokota kulia. Siku hizi siwapingi tena. Kosa la kuziba leni ya kupita ni kosa la kweli, na aliyekaa kulia akiwa na msururu nyuma na nafasi kushoto anastahili kutozwa. Ushahidi uwe video ya gari la doria linalokwenda na wengine, ikionyesha dakika nzima: leni ya jirani iko wazi, foleni iko nyuma, na dereva hakurudi. Yasitumike maneno ya askari aliyesimama kando ya barabara. Na kasi ya aliye nyuma isiwe kisingizio cha aliye mbele, wala isimkinge mwenyewe. Akizidisha mwendo, naye atozwe.

Lakini kifungu hicho kikiandikwa peke yake nitakipinga. Ningetaka kiandikwe katika sentensi moja na kosa la kupita kushoto kwa kujipenyeza, faini ikiwa ileile au zaidi. Na kabla ya dereva wa kwanza kutozwa pale Githurai au Juja, steji ziwe zimeondolewa leni na kuingizwa ndani, boda wamepewa mahali pa kushushia watu, na madaraja yamewekwa pale watu wanapovuka kweli, kwa vile nyayo zao kwenye nyasi zimeshaonyesha ni wapi.

Hayo ya steji na madaraja yatachukua miaka na fedha, najua. La kupita kushoto halingojei. Linahitaji magari machache ya doria kati ya Muthaiga na Juja, asubuhi na jioni, na nia ya kumsimamisha dere hata kama abiria wote wanapiga kelele kwamba wamechelewa. Kama bajeti ya mwaka huu inatosha kosa moja tu, waanze na hilo.